Yusufu Hakuomba Mahubiri, Aliomba Atajwe

Kisa cha Yusufu gerezani wanakijua Wakristo na Waislamu, na vitabu vyote viwili vinakubaliana katika jambo ambalo wengi hulipita haraka kwa kukimbilia ndoto za mfalme. Yusufu amefungwa kwa kosa asilolitenda. Amewafasiria wafungwa wenzake wawili ndoto zao, na anajua kwamba mmoja wao, mnyweshaji wa mfalme, atatoka salama. Anamwomba neno moja tu: ukifika kwa bwana wako, unitaje. Haombi nguo wala chakula. Mahubiri hayahitaji, maana kwa mujibu wa Kurani ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiwaeleza wenzake habari za Mungu mmoja humo humo kifungoni. Anachokosa ni mtu aliye huru, aliye karibu na wenye kuamua, wa kulitamka jina lake.

Mnyweshaji akatoka, akasahau. Kitabu cha Mwanzo kinasema ilipita miaka miwili mizima, na Kurani inasema miaka kadhaa. Na siku alipokumbuka, hakukumbushwa na mapenzi. Mfalme alikuwa ameota ndoto iliyowashinda wenye hekima wake, ndipo yule wa gerezani akawa mtu wa kufaa.

Naufikiria usahaulifu ule kila ninapoona kikundi cha waumini kikijiandaa kwenda gerezani. Maandalizi huwa ya moyo kweli. Zinakusanywa sabuni, dawa za meno, taulo za kike, blanketi, vitabu vya dini. Kwaya inafanya mazoezi, au vijana wa madrasa wanapanga kaswida. Siku inafika, watu wanakaguliwa langoni, wanaingia, wanaimba, wanahubiri, wanagawa walichobeba, wanapiga picha nje ya ukuta, wanaondoka. Mwaka unapita mpaka sikukuu nyingine. Sitaki kuidharau sabuni. Aliyekaa wiki mbili bila sabuni katika chumba chenye watu mara mbili ya uwezo wake anaijua thamani yake, na wimbo unaoimbwa vizuri humfanya mtu akumbuke kwamba aliwahi kuwa mtoto wa watu. Lakini angalia kinachotokea baada ya dua ya mwisho, pale askari anaposema muda umekwisha. Hapo ndipo mahabusu wanapowasogelea wageni na kuzungumza kwa sauti ya chini. Nipigieni mama simu, hajui niko wapi. Niulizieni faili langu limefika wapi. Watoto wangu wako kwa nani? Yaani, kwa maneno yao wenyewe, wanaomba kile kile alichoomba Yusufu.

Lugha ya mahakama zetu ina neno linaloumiza ukilitafakari. Kesi ambayo haijaanza kusikilizwa huletwa kwa ajili ya "kutajwa". Mtu anapandishwa karandinga asubuhi, namba ya kesi inasomwa, mwendesha mashtaka anasema upelelezi bado haujakamilika, tarehe nyingine inapangwa, mtu anarudishwa. Kesi imetajwa. Mwenyewe hajatajwa na yeyote. Hakuna aliyesimama kusema: huyu ni fulani, tunamfahamu, anakaa kwetu, mkimpa dhamana tutahakikisha anarudi.

Duniani kote kuna watu zaidi ya milioni 11 walio gerezani, na takriban thuluthi moja kati yao hawajahukumiwa. Tuitazame vizuri thuluthi hiyo. Wamo humo watakaokutwa na hatia, na wapo walio hatari kweli, ambao mahakama ina sababu ya kuwazuia. Lakini wamo pia waliokosa mdhamini tu. Dhamana ipo wazi kisheria, hakimu ameshataja masharti, kilichobaki ni mtu mwenye kitambulisho, makazi yanayojulikana na jina lisilo na doa, aje asaini. Maskini anayeishi kwa kuhamahama hana mtu huyo. Ndugu wako mbali, rafiki zake ni maskini kama yeye, na mwajiri wake alishaajiri mwingine.

Sasa niambie ni chombo gani katika jamii yoyote kilichojaa watu wenye makazi yanayojulikana na majina yasiyo na doa, wanaokutana kila wiki bila kulipwa, na ambao wamefundishwa tangu utotoni kwamba kumwacha mnyonge ni dhambi. Ni msikiti. Ni kanisa, hekalu, sinagogi. Hazina kubwa ya jamii ya waumini mbele ya gereza ni uanachama wake: orodha ya watu wanaojuana, wanaoaminiwa, na wanaoendelea kuwepo mradi ukiisha na mfadhili akiondoka. Tunapopeleka kwaya na kuwaacha nyumbani wazee wanaoweza kusimama mahakamani, tunakuwa tumebeba kidogo na kuacha kikubwa.

Wa kale walilijua hili kuliko sisi. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba inayotaja mafungu manane ya wanaostahili zaka imeweka fungu la kukomboa shingo, yaani kuwaweka huru watumwa, na fungu la waliolemewa na madeni. Sura Al-Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka, ingawa wao wenyewe wanakipenda chakula hicho. Katika Uyahudi, kuwakomboa mateka kulihesabiwa miongoni mwa wajibu mkubwa kabisa, kiasi kwamba marabi walilazimika kuweka mpaka: mateka wasikombolewe kwa zaidi ya thamani yao, ili watekaji wasipate tamaa ya kuteka zaidi. Wakatoliki walikuwa na shirika zima la watawa, Watrinitari, lililoidhinishwa mwaka 1198, ambalo kazi yake ilikuwa kukusanya mali na kwenda kuwakomboa mateka. Na barua kwa Waebrania inawataka waumini wawakumbuke waliofungwa kana kwamba wamefungwa pamoja nao. Watu hawa walikuwa na ibada zao, tena ndefu kuliko zetu. Hata hivyo walipokutana na mtu aliyefungwa waliona jambo la fedha, la mashahidi, la mazungumzo na wakubwa, wakapanga mfuko na watu kwa ajili hiyo.

Najua jibu nitakalopewa. Mdhamini hubeba mzigo: mshtakiwa akitoroka, ni yeye anayetafutwa. Ni kweli, na sitamshauri mtu asaini kwa huruma ya dakika tano. Ndiyo maana kazi hii haifai kuachiwa mtu mmoja mwenye moyo laini. Ifanywe na jopo dogo la watu watatu au wanne, mmoja wao akiwa anazijua sheria, wanaokwenda kumwona mahabusu zaidi ya mara moja, wanaofika kwao kuthibitisha anachosema, wanaokubaliana naye kwa maneno ya wazi kwamba kila tarehe ya mahakama kutakuwa na mtu wa kumsindikiza. Baadhi wataonekana hawafai kudhaminiwa, na waambiwe hivyo kwa heshima. Jambo moja lisiguswe hata kwa nia njema, nalo ni bahasha ya kuharakisha faili. Waumini wakilipa hongo mara moja ili kumsaidia mmoja, wamepandisha bei kwa kila maskini atakayefuata.

Historia ya dini na magereza ina upande unaotisha, na anayetaka kuifanya kazi hii anapaswa kuujua. Mwaka 1787 mjini Philadelphia nchini Marekani, watu wacha Mungu, wakiwemo Wakristo wengi wa madhehebu ya Wakweka, waliunda chama cha kupunguza mateso ya magereza ya umma. Walichokiona kiliwastahili machozi: wanaume, wanawake na watoto wamechanganywa, pombe inauzwa ndani, wenye nguvu wanawanyonya wanyonge. Wakatafuta dawa katika imani yao. Wao walikuwa watu wa ukimya, walioamini kwamba mtu akitulia peke yake atasikia nuru ya Mungu ndani yake. Wakawaza: basi mfungwa naye apewe ukimya. Fikra hiyo ilizaa gereza la Eastern State lililofunguliwa mwaka 1829, ambamo kila mfungwa alikaa katika chumba cha peke yake, na Biblia, na kazi ya mikono, na kidirisha darini cha kuingiza mwanga. Akitolewa nje ya chumba alifunikwa uso asimwone mtu wala asionwe. Kusudi lilikuwa toba, na mpaka leo neno la Kiingereza linalotumika kwa magereza ya aina hiyo limetokana na neno la toba.

Watu walipoteza akili humo. Mwandishi Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842 akatoka akisema kwamba kuichezea akili ya binadamu polepole, siku baada ya siku, ni kubaya kuliko kuutesa mwili. Mfumo ule haukufutwa rasmi pale mpaka 1913, na adhabu ya upweke ikaenea duniani ikibaki hadi leo, ikiwa imepoteza hata ile nia ya toba iliyoianzisha. Nalo neno letu "gereza" wanaisimu wanalihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno walijenga ngome pwani na ndani yake makanisa, na moja ya ngome hizo, ile ya Mombasa, ilikuja kuwa jela ya Waingereza tangu 1895 hadi 1958. Kila mtu anayesema "gereza" kwa Kiswahili anabeba ukaribu huo mdomoni bila kujua.

Weka kando ya wale wa Philadelphia mwanamke mmoja wa imani ile ile. Elizabeth Fry, Mkweka wa Uingereza, aliingia gereza la Newgate mjini London kwa mara ya kwanza mwaka 1813, akakuta wanawake wamerundikwa pamoja na watoto wao wadogo. Aliporudi kuanza kazi kwa bidii, miaka kama mitatu baadaye, alizungumza na akina mama kuhusu watoto. Wao wakataka shule, na mwalimu akachaguliwa miongoni mwa wafungwa wenyewe. Alipounda chama cha wanawake cha kuwatembelea, mwaka 1817, alizisoma kanuni alizozipendekeza mbele ya wafungwa, akawataka wapige kura moja baada ya nyingine. Akawatafutia vitambaa na sindano na mahali pa kuuzia walichoshona. Mwaka uliofuata alikwenda mbele ya kamati ya bunge kueleza aliyoyaona. Alisoma Biblia pia, kwa sauti, na waliohudhuria walisema wanawake wale walisikiliza kwa utulivu.

Madhehebu yalikuwa yale yale, na upendo sidhani kama ulipungua upande wowote. Tofauti ninayoiona ni kwamba wa Philadelphia walimfikiria mfungwa na Fry alimuuliza. Wale walijiangalia wenyewe, wakaona ukimya unawafaa, wakaujengea kuta. Yeye aliketi chini na wanawake wa Newgate akasikia kwamba la kwanza ni watoto. Na baada ya kuuliza hakuishia kuliwazana nao humo ndani, aliyabeba waliyosema hadi kwa wabunge. Aliwataja.

Kabla yake alikuwepo John Howard, mcha Mungu mwingine, aliyeteuliwa mwaka 1773 kuwa mkuu wa wilaya mwenye dhamana ya gereza huko Bedfordshire, Uingereza. Wenzake katika cheo hicho hawakuwa na desturi ya kuingia ndani. Yeye aliingia, akakuta watu ambao mahakama imeshawaachia huru lakini wanarudishwa kufungiwa, kwa sababu mlinzi wa jela hakuwa na mshahara na aliishi kwa ada aliyowatoza wafungwa. Asiye na ada hatoki, awe na hatia au asiwe nayo. Howard alizunguka gereza baada ya gereza akiandika, na mwaka 1774 bunge likapitisha sheria ya kufuta ada hizo kwa walioachiwa. Napenda kwamba silaha yake kubwa ilikuwa daftari.

Niseme sasa jambo la kulazimisha, maana ni dhambi ya karibu na sisi. Mtu aliyefungwa hana mlango wa kutokea. Ukimhubiria mtaani, anaweza kuvuka barabara. Ndani ya gereza akikukimbia anaweza kukosa sabuni, ugeni, mapumziko ya kutoka selo, jina zuri mbele ya mkuu wa gereza. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela na kupitishwa na Baraza Kuu Desemba 2015, zimeliona hili. Kanuni ya 65 inasema mfungwa asinyimwe kukutana na mwakilishi wa dini yoyote, na hapo hapo inaongeza kwamba mfungwa akikataa kutembelewa na mwakilishi wa dini yoyote, msimamo wake uheshimiwe kikamilifu. Sentensi hizo mbili zinategemeana. Haki ya kuonana na sheikh wako haina maana kama huna haki ya kumwambia mchungaji wa mwenzako "leo hapana".

Huko Iowa, Marekani, mradi mmoja wa Kikristo uliokuwa ukiendeshwa ndani ya gereza kwa kutumia pia fedha za serikali ulipelekwa mahakamani. Waliojiunga nao waliishi katika mazingira bora kuliko wenzao. Mwaka 2006 jaji alisema mradi huo ulivunja katiba, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye kimsingi mwaka uliofuata. Sina shaka kwamba walioanzisha mradi ule waliwapenda wafungwa. Lakini jiulize hali ya Mwislamu, au asiye na dini, au Mkristo wa madhehebu mengine, anayeona kwamba njia ya kwenda chumba chenye faragha inapita katika ibada isiyo yake. Toba ya namna hiyo hata Mungu atakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Kama kikundi chako kinagawa blanketi, zigawe kwanza, kwa wote, ndipo uwatangazie ibada wanaotaka. Mpangilio wa saa tu unatosha kubadilisha maana ya ziara nzima.

Tutoke kidogo nje ya ukuta, kwenye nyumba ambayo baba au mama wake yuko ndani. Hapa ndipo ninapoona waumini wengi tunashindwa, na tunashindwa kwa kitu kisichohitaji fedha nyingi. Mtu akifiwa, ibada nzima inahamia kwake, tunalala matanga, tunachanga, tunapika. Mtu akifungwa, nyumba yake inakaa kimya. Mke haji tena kwenye kikundi cha akina mama, na hakuna anayeuliza kwa nini, kwa sababu kila mtu anajua kwa nini. Watoto wanafundishwa kusema baba amesafiri. Shuleni wanajua, mtaani wanajua, na uwongo ule mdogo unawatafuna watoto waliobebeshwa. Msiba huu hauna matanga.

Mama mmoja kama huyo anahitaji nini? Nauli ya kwenda kumwona mumewe, kwa sababu Kanuni za Mandela zinampa mfungwa haki ya kuwasiliana na familia yake mara kwa mara lakini hazimlipii mtu gari. Mtu wa kubaki na watoto siku hiyo. Mtu wa kwenda naye mara ya kwanza, anayejua foleni inaanzia wapi na nini kinaruhusiwa kupita langoni, ili asidhalilike mbele ya wageni. Mwalimu wa madrasa au wa shule ya Jumapili anayewachukulia watoto wake kama watoto wengine. Na kama mwenyewe ataridhia, jina la mumewe kusomwa katika dua ya wagonjwa na wasafiri, kwa sauti, bila kunong'ona. Nasisitiza ridhaa yake. Aibu ni ya kwake, na si halali yetu kuifungua kwa nguvu.

Wanawake waliofungwa wana hali yao, na ni kawaida wao kutembelewa kwa uchache kuliko wanaume. Mwanamume akifungwa, mkewe na mama yake hubeba vikapu. Mwanamke akifungwa, mara nyingi mume huanza maisha mengine na watoto hutawanywa kwa ndugu. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, zinazohusu wanawake walio kifungoni, zinataka mama apewe nafasi ya kupanga malezi ya watoto wake kabla au wakati wa kupokelewa gerezani. Mpango huo unahitaji kaya za kupokea watoto bila kuwatenganisha na bila kuwasahau, kaya zilizo tayari kuwapeleka kumwona mama yao. Ni wapi pengine pa kuzitafuta kaya hizo?

Kuna mtu mwingine tunayemsahau, askari magereza. Yeye naye anasali nasi. Anakaa safu ya tatu, anatoa sadaka yake, na tukitoka hatumuulizi kitu kuhusu kazi yake, labda kwa sababu tunaogopa jibu. Kazi ya kuwafungia watu milango kila siku inachosha roho, na anayeifanya bila mtu wa kumsikiliza huanza kuwaona waliomo ndani kama namba. Kiongozi wa dini anayemlea askari huyu, anayemuuliza ameshinda vipi, anaweza kupunguza vipigo kuliko mahubiri mengi ya ndani ya ukuta. Pia ni haki yake. Hakuchagua kuwa na chumba cha watu hamsini chenye nafasi ya ishirini.

Hilo linanileta kwenye jambo zito, la kunyamaza. Kikundi kinachoingia gerezani kitaona mambo: mgonjwa asiyepelekwa hospitali, mtoto aliyewekwa na watu wazima, alama za fimbo. Ukisema, unaweza kufungiwa lango, na wale mia wanaosubiri ziara yako wataikosa. Usiposema, ziara yako inakuwa pazia zuri mbele ya uovu. Sioni njia rahisi hapa, na siwaamini wanaosema ipo. Ninachokiona kina maana ni kuanza na mlango wa karibu: mkuu wa gereza aambiwe, kwa adabu na kwa maandishi, na apewe nafasi ya kurekebisha. Wengi wao hawapendi yanayotokea, wanakosa magari, madaktari na bajeti, na barua ya askofu au ya kadhi ikiambatana na yao huweza kufika wasikofika wao. Kama ni maisha ya mtu yaliyo hatarini, lakini, hakuna ratiba ya ziara yenye uzito wa kumwacha afe. Viongozi wa dini zote za eneo wakisema pamoja, ni vigumu zaidi kufungiwa lango wote.

Kisha inafika siku ya kutoka. Nimesikia wengi wakisema siku ya kwanza uraiani iliwatisha kuliko siku ya kwanza kifungoni. Mtu anatoka na nguo alizoingia nazo, simu haifanyi kazi, nyumba ilishapangishwa. Rafiki wa zamani yupo tayari kumpokea, na anajua kazi ya kumpa. Sisi tuliomwimbia miaka mitatu hatupo langoni, maana hatukujua tarehe.

Yapo mahali ambapo waumini wamelichukua hili kwa uzito. Huko Brazil, katika mji wa São José dos Campos, kundi la Wakatoliki wa kujitolea lililoongozwa na wakili Mário Ottoboni lilianza mwaka 1972 kazi iliyokuja kuitwa APAC, kifupi cha Kireno cha chama cha kuwalinda na kuwasaidia waliohukumiwa. Katika vituo vyake waliofungwa wanaitwa kwa majina yao, wanashika funguo wenyewe, hakuna askari wenye silaha, na familia pamoja na watu wa mji ni sehemu ya mpango. Mfano wa pili ni mgumu zaidi kuusimulia. Mwaka 1994, huko Hamilton nchini Kanada, mwanamume aliyekuwa na historia ya kuwadhuru watoto alimaliza kifungo chake chote akaachiwa. Mji uliingiwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Mchungaji mmoja wa Wamenoniti aliyemfahamu aliwaita waumini wachache wa kanisa lake dogo, wakaunda duara kumzunguka. Walionana naye karibu kila siku, walimsaidia kupata mahali pa kukaa, walimuuliza maswali makali, na walizungumza pia na polisi na majirani. Kusudi lao lilikuwa mawili kwa pamoja: yeye asiwe peke yake, na asipatikane mwathirika mwingine. Mtindo huo ulienea, na tafiti zilizofuata Kanada zilikuta kwamba waliopitia maduara hayo walirudia makosa kwa kiwango kidogo sana kuliko waliofanana nao ambao hawakuyapata.

Nimeutaja mfano huo wa Hamilton kwa makusudi kwa sababu unamweka mwathirika katikati. Katika ibada zetu aliyeibiwa, aliyebakwa, aliyeuliwa mwanawe naye yupo, pengine mkeka mmoja na mama wa mkosaji. Ukimpokea mfungwa kwa shangwe mbele yake bila kumwambia kabla, umemtia jeraha la pili. Amani ya aliyeumizwa ianze kutafutwa mapema, kwa watu wengine wasio wale wanaomhudumia mfungwa, na asishurutishwe kusamehe. Ikibidi, anayetoka apokelewe na kusanyiko la mji mwingine. Msamaha wa kulazimishwa una kasoro ile ile ya toba ya kulazimishwa.

Kazi yote hii inaweza kuanza na kitu kidogo alichokuwa nacho Howard. Daftari lenye mistari: jina, namba ya kesi, tarehe ijayo ya mahakama, ndugu wa kupigiwa simu, watoto wako wapi, tarehe ya kutoka, na mwisho kabisa jina la muumini aliyekubali kumfuatilia mtu huyo mmoja. Litunzwe kwa siri, maana siri za watu wasio na ulinzi zinauma zikivuja. Lifunguliwe kwenye kikao cha kila mwezi kabla ya hesabu za ujenzi, na anayesema alimpigia simu mama wa fulani aulizwe mama alisema nini. Ziara ijayo wanakwaya wawili watolewe kwenye safu, wakae pembeni na kalamu, na muda wa wimbo mmoja wapewe wao.